Picha ya Mama na Mihuri Minne

5 Juni, Jumatatu

Redio imetangaza kwamba msimu wa mvua umeanza rasmi. Ahsante kwa taarifa. Nguo nilizofua Alhamisi bado zimening'inia sebuleni zikinuka uvundo, nazo zilikuwa na habari hii kabla ya redio.

Bosi amenikabidhi daftari hili niandike kila siku unyevu wa chumba cha nyuma, kilipo kisanduku cha kielektroniki cha kuhifadhia picha. Mwaka jana lenzi mbili ziliota ukungu ndani, na tangu hapo anaogopa maji kuliko paka. Leo ni asilimia 74. Mashine ya kukausha hewa imejaza ndoo mara mbili. Ukurasa una mistari mingi na unyevu ni namba moja tu, kwa hiyo nafasi inayobaki nimejipa mimi.

Kisanduku chenyewe ni kidogo, hakizidi mkate wa kukata, lakini humo mna kila kitu cha Studio Ushio tangu tuache kutumia filamu. Harusi, watoto wa miaka mitatu na mitano waliovikwa kimono wakanuna, na hasa picha za kuagia. Hizo wazee wa hapa Hamada huja kupigwa wakiwa hai, wamechana nywele, wamecheka vizuri, ili siku ya msiba watoto wasihangaike kutafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Tunazitunza mpaka familia ipige simu. Leo hii tunazo mia mbili na kumi na nne za watu ambao bado wanapumua. Mmoja wao ni mama yangu.

6 Juni, Jumanne

Asilimia 76. Mteja hata mmoja.

7 Juni, Jumatano

Asilimia 75. Watengenezaji wa kisanduku wametuma barua pepe. Programu dhibiti, yaani ile inayokaa ndani ya chombo chenyewe na kukiamrisha, imegundulika kuwa na tundu. Yetu ni ya miaka minne iliyopita, hatujaigusa tangu kisanduku kitoke kwenye boksi. Kuna watu huko mtandaoni wanapita wakijaribu milango, na mlango wetu uko wazi kwa sababu Bosi alitaka wateja waangalie picha zao wakiwa nyumbani. Dawa yake ni kuweka toleo jipya. Kisanduku kizimwe nusu siku, kiwashwe, basi.

Nikaenda kwa Bosi Takanori. Alikuwa anafuta vumbi kwenye fremu, kazi anayoipenda kuliko kusikiliza.

"Kinafanya kazi?" akaniuliza.

"Kinafanya."

"Sasa tatizo?"

"Kinafanya kazi na mlango wazi, Bosi."

Akaiweka fremu chini. "Bi Nagami, andika ombi."

Tuko watu watatu humu ndani. Tungeweza kuamua tukiwa tumesimama, chai ikiwa mkononi. Lakini hapa chochote cha kusimamisha mashine lazima kiandikiwe ombi lenye visanduku vinne vya mihuri: wangu, wa mpiga picha Nozaka, wa Bosi, na wa Mwenyekiti. Mwenyekiti ni Mzee Kanzaburo, baba yake Bosi, miaka themanini na sita, amevunjika nyonga na amelazwa hospitali tangu Mei.

Nimepiga muhuri wangu ukiinama kidogo kushoto, kuelekea wa Bosi, kama adabu inavyotaka. Hata wino hapa unapiga magoti.

9 Juni, Ijumaa

Asilimia 78. Nozaka ameshikilia ombi siku mbili. Ana miaka sitini na moja na hajawahi kusoma karatasi aliyoweza kuikalia.

"Kwani si tuko kwenye wingu la mtandaoni?" alisema. "Kisanduku kikifa, picha ziko juu."

"Wingu letu ni kioo, Nozaka. Ukikunja uso huku, na kule unakunjika. Ukifuta huku, kule kumefutika."

"Si wanaweka na nakala za jana?"

"Walikuwa wanaweka. Februari nafasi ilijaa, Bosi akazima."

Akakuna kichwa. "Ile diski yako ya Ijumaa je?"

Hiyo ndiyo akiba ya kweli. Kila Ijumaa jioni nachomeka diski, nanakili kila kitu, naichomoa, naifungia kwenye sefu. Diski isiyochomekwa hakuna mtu wa mtandaoni anayeweza kuigusa. Kazi hiyo ni yangu peke yangu na sijawahi kuikosa. Leo pia nimeifanya.

Nozaka akapiga muhuri wake. Umeinama sana, umelala kabisa. Huyo hana adabu, ana haraka ya kwenda kuvuta sigara.

11 Juni, Jumapili

Nimepanda kilimani kwenye nyumba ya wazee kumwona mama. Alikuwa dirishani na leso mdomoni. Kiharusi cha mwaka juzi kiliuvuta mdomo wake wa kushoto ukashuka, na tangu siku hiyo kioo hakiruhusiwi chumbani mwake.

"Mitsuyo. Picha yangu ipo?"

"Ipo, mama."

"Ile ya kimono cha zambarau?"

"Hiyo hiyo."

"Mdomo umenyooka?"

"Kama rula."

"Basi nikifa leo sina neno."

Huuliza hivyo kila Jumapili. Picha ile alipigwa mwaka mmoja kabla ya kiharusi. Miaka thelathini na mbili alikaanga akaten kiwandani, zile keki nyekundu za samaki zenye pilipili, na picha zake zote za zamani ana kofia na barakoa ya kazini. Siku ile alikuja studio amepaka poda. Nozaka akamchekesha kwa kitu ambacho mpaka leo wote wawili hawataki kuniambia. Mimi ndiye niliyeisafisha picha kwenye kompyuta. Alinikataza kugusa doa jeusi la shavuni. "Baba yako atanitambuaje huko?" alisema.

Zamani tulikuwa tunachapa nakala ya karatasi kwa kila mteja. Tuliacha ili kubana matumizi, na ombi la kuacha nililiandika mimi. Nyumbani sina hata kwenye simu. Nani anakaa na picha ya kuagia ya mama aliye hai? Ni kumwita mgeni asiyealikwa.

14 Juni, Jumatano

Asilimia 81. Bosi amepiga muhuri. Jioni amelipeleka ombi mwenyewe hospitali.

15 Juni, Alhamisi

Asilimia 80. Mvua. Akaten na bia.

19 Juni, Jumatatu

Asilimia 83. Ombi limerudi bila muhuri wa nne. Mwenyekiti ameandika pembeni kwa penseli, kwa mkono unaotetemeka: "Kama kinafanya kazi, kwa nini kizimwe? Sababu ielezwe."

Nimeeleza sababu kurasa mbili. Nimeandika tundu, wezi, mlango. Nikachora na mchoro wa nyumba yenye mlango wazi, maana kwa mzee wa miaka themanini na sita hiyo ndiyo lugha. Mihuri ikaanza upya: wangu ukainama, wa Nozaka ukalala, wa Bosi ukasimama.

Mama jana aliuliza, nikamjibu.

22 Juni, Alhamisi

Asilimia 85. Limerudi tena. Safari hii Mwenyekiti hana neno na sababu, amesema hata mchoro ameupenda. Tatizo ni tarehe. Mwaka niliuandika kwa hesabu ya kizungu badala ya hesabu ya enzi ya Mfalme Mkuu. Liandikwe upya.

Nilicheka, halafu nikaenda chooni nikalia kidogo. Umri wangu huu wa miaka hamsini na mitatu, nalilia tarehe!

"Bosi, huwezi kumwambia tu baba yako?" nikamuuliza niliporudi.

"Nimwambie nini?"

"Apige muhuri."

Alinitazama kama niliyemwomba ampige mzee kofi. Huyu mwanamume ana mvi, ana wajukuu wawili, lakini mbele ya baba yake bado anavaa kaptula. Namdharau kidogo, naandika ukweli.

23 Juni, Ijumaa

Asilimia 84. Saa ya chakula wenzangu walikuwa nje. Nikaingia kwenye kisanduku kwa nywila yangu. Kitufe kipo pale, cha bluu: SASISHA. Nusu saa niliketi nimekitazama huku wali wangu ukipoa. Ningebonyeza nani angejua? Wote wangejua, maana kingezimika. Na kama kingegoma kuwaka, muhuri wa nani ungekuwa kwenye karatasi?

Sikubonyeza. Jioni nimenakili diski, nimechomoa, nimefungia.

25 Juni, Jumapili

Mama amekonda. Muuguzi anasema anakula nusu sahani.

"Picha yangu ipo?"

"Ipo."

27 Juni, Jumanne

Asilimia 88. Ombi la tatu liko hospitali. Mwenyekiti anafanyiwa upasuaji Alhamisi na hataki kusoma kitu chochote kabla. Muhuri wake uko kwenye pochi ya mkewe, na mkewe hautoi bila kuambiwa na mwenyewe. Mvua haijakatika tangu Jumapili. Mto umefika kwenye ngazi ya tatu.

30 Juni, Ijumaa

Asilimia 90. Saa kumi na moja wamepiga simu kutoka nyumba ya wazee, mama ana homa kali. Nimetoka mbio, hata mwavuli nimeusahau.

1 Julai, Jumamosi

Kwa mama. Nyuzi 38.5. Amelala. Sijapima unyevu, nani anajali.

2 Julai, Jumapili

Homa imeshuka. Amefumbua macho saa nne, kitu cha kwanza: "Picha yangu ipo?"

"Ipo, mama. Tulia."

"Maana nimeona kama wakati umefika."

"Haujafika. Kunywa supu."

Akanywa. Nimerudi nyumbani nimechoka, nafurahi.

3 Julai, Jumatatu

Sijui hata nianzie wapi. Asilimia 87.

Nilifika wa kwanza, nikawasha kompyuta nichape picha ya harusi. Haikufunguka. Nikajaribu nyingine, nayo vilevile. Ndipo nikaona majina. Kila faili limeongezewa mkia wa herufi, zilezile kwa yote, kama ng'ombe waliopigwa chapa na mwizi. Kwenye kila folda kuna barua moja ya Kiingereza. Sihitaji Kiingereza kingi kuielewa: vitu vyenu tumevifunga, ufunguo tunao, lipeni.

Nikaingia kwenye wingu. Mikia ileile. Kioo kilikuwa kimefanya kazi yake kwa uaminifu usiku kucha, faili moja baada ya jingine, mpaka la mwisho.

Nozaka akaja, akasimama nyuma yangu na mwavuli unaotiririka. "Nini hiyo?"

"Wameingia."

"Nani?"

"Nitajuaje, Nozaka? Unataka majina?"

Bosi alipofika alisoma ile barua bila kukaa. Uso wake haukubadilika, masikio tu yakawa mekundu. Akampigia fundi Fukuma aliyeko Matsue, akamweka kwenye spika.

"Chomoeni waya wa mtandao," akasema Fukuma. "Haya. Sasa sikilizeni, hao wakishafunga hakuna wa kufungua ila wao, na hata ukiwalipa mara nyingi hawafungui. Mna nakala nje? Diski?"

"Tunayo," akasema Bosi, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akanyoosha mgongo. "Bi Nagami huifanya kila Ijumaa. Iko kwenye sefu."

Pale ndipo nilipokumbuka. Nilikuwa nimeichomeka Ijumaa saa kumi na nusu. Ilikuwa bado inanakili simu ilipolia.

"Haimo," nikasema.

"Haimo kwenye sefu?"

"Imechomekwa."

Tulikwenda wote watatu chumba cha nyuma. Diski ilikuwa pale nyuma ya kisanduku, kitaa chake cha kijani kinapepesa. Nikaichomoa, sijui kwa nini, kama mtu anayefunga zizi likiwa tupu. Tulipoifungua kwenye kompyuta nyingine ilikuwa na mikia.

Mwezi mzima nimejaza daftari hili kwa uvivu wa Nozaka, woga wa Bosi na tarehe za Mwenyekiti. Mlango wa mwisho ulikuwa wangu, na mimi ndiye niliyeuacha wazi.

Nikainama mbele ya Bosi mpaka nikaona viatu vyangu tu. Nikasema yote, simu, homa, diski. Nilingoja anifokee. Ningependa anifokee.

"Mama alikuwa na nyuzi ngapi?" akaniuliza.

"Thelathini na nane na nusu."

"Anaendeleaje?"

"Homa imeshuka."

"Basi," akasema. Akaenda kukaa kwenye kiti cha wateja, kile cha velveti, akatazama kamera kama anayesubiri kupigwa picha.

Polisi wamekuja wawili, wapole, wakaandika. Wamesema tusilipe. Kuhusu kuwapata hao watu hawakusema kitu. Mmoja aliniuliza kama mama yake mwenyewe alikuwa kwenye orodha. Nikaangalia karatasi. Alikuwemo.

4 Julai, Jumanne

Nozaka amepekua kadi zote za kamera. Amepata watu tisa waliopigwa kuanzia Mei. Tisa kati ya mia mbili na kumi na nne. Mama hayumo, bila shaka. Nilijua hayumo, lakini nilimsimamia begani mpaka kadi ya mwisho.

Asilimia 86.

5 Julai, Jumatano

Simu tuliyokuwa tunaiogopa imekuja mapema. Mzee Yonehara, namba 88 kwenye orodha yetu, amefariki alfajiri. Mkesha ni leo jioni. Binti yake alisema kwa sauti tulivu, "Tunakuja kuchukua ile picha, baba alilipia kila kitu," na Bosi akanyakua simu mkononi mwangu, akamweleza mwenyewe, huku akiinamia ukuta.

Binti alileta picha pekee waliyonayo. Timu ya wazee ya mpira wa magongo, watu kumi na wawili kwenye jua, na Yonehara mstari wa nyuma na kofia nyeupe, uso hauzidi ukucha wa kidole gumba. Nilikata, nikapanua, nikasafisha. Nilipoondoa ukungu mmoja likatoka doa jingine. Macho yake hayakuwa macho, yalikuwa vivuli viwili vya kofia. Saa kumi na mbili tukaweka utepe mweusi.

Mjane wake alikuja kuipokea. Aliitazama sana.

"Hii kofia alikuwa haipendi," akasema. "Waliwalazimisha."

"Naomba radhi, mama," nikasema.

"Siku ya picha yenu alivaa tai. Alinisumbua saa nzima nimfungie." Akaifunika fremu kwa kitambaa. "Haya. Ahsante kwa kujitahidi."

Bora angeivunja.

7 Julai, Ijumaa

Asilimia 89. Bosi ameanza kuzunguka. Amenunua maboksi ya peremende za maharage matamu, ameyafunga kwa karatasi nyeupe, anakwenda nyumba kwa nyumba na orodha, namba moja mpaka mwisho. Hakubali Nozaka aende, wala mimi. Anarudi jioni suruali imelowa mpaka magotini, maana anainama nje barazani, kwenye mvua, kabla hajakaribishwa. Mwenye namba 12 alimfukuza. Wa namba 15 alimpa taulo, akamlazimisha kula chakula.

"Bosi," nilimwambia, "mama yangu ni namba 140. Huyo nitamwambia mimi."

"Sawa. Mwambie mapema."

9 Julai, Jumapili

"Picha yangu ipo?"

"Ipo, mama."

"Mdomo umenyooka?"

"Kama rula."

Nilishuka kilima chote nikijitukana.

10 Julai, Jumatatu

Asilimia 85. Mke wa Mwenyekiti amepita na bahasha. Ndani mna ombi letu. Muhuri wa nne upo, mwekundu, katikati kabisa ya kisanduku chake, na tarehe ya enzi iko sahihi. Chini ameandika: "Imekubaliwa. Fanyeni haraka, jambo hili ni la hatari."

Bosi alilisoma, akalikunja, akalitia mfukoni.

"Baba hajui," akasema. "Daktari amesema asishtuliwe. Kila nikienda ananiuliza studio iko vipi."

"Unamjibu nini?"

"Namwambia iko salama." Kisha akaniuliza, "Wewe umeshamwambia mama?"

"Ndiyo," nikasema. Ilitoka yenyewe, laini, kama chai.

Zamani nilidhani anamwogopa baba yake. Sijui sasa ninadhani nini. Tumeweka ile programu mpya kwenye kisanduku. Ilichukua dakika arobaini.

12 Julai, Jumatano

Asilimia 84. Mzee mwingine amefariki, namba 51. Huyu familia ilikuwa na picha nzuri ya harusi ya mjukuu. Tumeshukuru kama tumefanya sisi.

16 Julai, Jumapili

Mama alikuwa na rangi nzuri. Leso hakuishika, ameiacha mapajani. Amenipa peremende ya maharage, imefungwa karatasi. Nikajua jirani yake wa chumba amepata wageni.

"Picha yangu ipo?"

"Ipo."

"Una hakika?"

"Mama, jamani. Ipo."

Akacheka kwa upande wake mzuri wa mdomo. Akasema doa la shavuni nilifanya vizuri kuliacha.

18 Julai, Jumanne

Asilimia 79. Bosi amefika namba 160. Ameugua mafua, bado anakwenda.

20 Julai, Alhamisi

Asilimia 70. Jua kwa saa mbili. Nimeanika kila kitu.

23 Julai, Jumapili

Redio imetangaza msimu wa mvua umekwisha. Nimepita studio kwanza kupima. Asilimia 52. Chumba hakijawahi kuwa kikavu hivi tangu daftari hili lianze.

Nilipanda kwa mama nimejifunga kibwebwe. Njiani nilikuwa nimepanga maneno, matatu au manne, ya kuanzia mbali. Nilipoingia akaniwahi.

"Mitsuyo. Picha yangu ipo?"

Nikaweka mwavuli chini.

"Haipo, mama," nikasema. "Ilipotea. Nilikuwa nimechomeka diski siku ya homa yako, nikaiacha. Zimepotea zote. Nimekudanganya Jumapili mbili."

Hakushtuka. Akainama taratibu, akavuta droo ya kando ya kitanda, akatoa boksi. Karatasi nyeupe, kamba ya studio yetu. Peremende zilikuwa zimebaki mbili.

"Bosi wako alikuja Alhamisi, kabla ya Jumapili iliyopita," akasema. "Alipiga paji la uso kwenye reli ya kitanda, ngo! Nikadhani amekuja kunizika. Akaanza, 'Kama Bi Nagami alivyokwisha kukueleza...'"

Nilifunika uso.

"Nikamwambia ndiyo, amenieleza. Ningemwambia nini? Niseme mwanangu ni mwongo? Anakutegemea yule."

"Sasa Jumapili ile mbona uliniuliza?"

"Nilitaka kuona. Unadanganya vizuri, kama baba yako. Hata kope hazitikisiki." Akanisukumia boksi. "Kula. Moja yako, moja yangu."

Tukala. Alitafuna kwa upande mmoja, polepole, na mimi nilimsubiri. Unga wa maharage ukabaki kwenye kona ya mdomo ulioshuka, pale asipohisi kitu. Sikuufuta.

"Tutapiga nyingine," nikasema. "Nozaka anakuja hata kesho. Mdomo nitaunyoosha kwenye kompyuta, hiyo ndiyo kazi yangu. Uso wako naujua wote kwa kichwa, mama, kila mkunjo."

"Kwa kichwa?" akasema. "Nacho umekiacha kimechomekwa wapi?"

Nilicheka mpaka nikalia, na safari hii sikwenda chooni. Yeye hakulia. Alikuwa anatazama nje, jua lilikuwa limejaa kwenye mapaa ya Hamada na mvuke unapanda.

"Sitaki ya kunyooshwa," akasema baadaye. "Ya kimono cha zambarau nilicheka kweli. Ukinyoosha huu, utakuwa mdomo wa nani?"

"Na hii ya sasa?"

"Hii sitaki watu waione."

"Basi siku hiyo tuweke nini, mama?"

Nilitaka anijibu. Siku zote yeye ndiye mwenye jibu, hata la uongo. Akaikunja karatasi ya peremende mara mbili.

"Sijui," akasema. "Itabidi nisife kwanza."

Nilimfunika miguu, nikachukua mwavuli niliobeba bure. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

"Mitsuyo. Picha yangu ipo?"

"Haipo, mama."

"Haya," akasema. "Jumapili nitakuuliza tena."